Mlinzi wa Foni ya Badibanga

Siku ya kwanza ya kazi Mignonne Kalumba alipewa kiti, meza, rundo la mafaili na onyo. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, kwa kuwa aliyekikalia miaka ishirini na miwili alipenda kuegemea huko akifikiri. Onyo lilitoka kwa mkuu wa ofisi, Stanislas Mukalay, mtu mwenye sauti ndogo na tai kubwa.

"Hapa, mama, hatuulizaka juu ya ule alikuwa mbele yako," alisema, kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la serikali mjini Kolwezi. Kwenye mlango paliandikwa kwa rangi nyeupe: Sheria za Mitambo. Kila chombo ambacho dola ilikitilia shaka kilikuwa na faili humo: mashine za kunakili karatasi, vipaza sauti vya makanisa, na zaidi ya yote foni, zile redio za kuzungumzia mbali ambazo wafanyabiashara walizitumia kuulizia bei ya mahindi kutoka Kasaji hadi Mbuji-Mayi. Kompyuta ilikuwapo moja, zawadi ya watu fulani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyewahi kuiwasha, ila kibali chake kilikuwa safi na hakijawahi kuchelewa hata siku moja.

Mignonne alikuwa ametoka chuo kikuu cha Lubumbashi na shahada ya sheria ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia. Katika ukoo wa Kalumba, waliotoka Kabongo kuja kuchimba na kuchomelea vyuma, yeye alikuwa wa kwanza kukalia kiti cha serikali. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Akikosea, kiti kingempata mwingine kabla hakijapoa.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na kila aliyekuwa Kolwezi mwaka huo anajua ninachotaka kusema. Mgodi ulikuwa umeporomoka, karakana zimenyamaza, na watu wenye njaa wakaambiwa kwamba anayekula chakula chao ni jirani yao wa Kasai. Uongo ukipewa kipaza sauti huota miguu. Familia ambazo babu zao waliletwa na kampuni kuchimba shaba zilitolewa katika nyumba zao, zikaitwa kwa jina la wadudu ambalo mimi silirudii, zikasukumwa hadi stesheni. Huko walilala maelfu kwa maelfu, juu ya masanduku na chini ya maturubai, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona.

Mmoja wao alikuwa Tata Henri Kabasele, mwenye kile kiti kilichobonyea.

Mignonne alilijua hilo. Alijua kwamba amepata kazi kwa sababu mwingine amefukuzwa, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Angeweza kulimeza, wengi walimeza. Lakini wiki ya kwanza haijaisha aligundua kwamba shahada yake inajua historia ya sheria za Roma na haijui namna ya kujibu barua ya padri anayeomba kuhamisha foni kutoka parokia moja kwenda nyingine. Mukalay naye hakujua. Mukalay alijua kusaini tu, na alisaini bila kusoma, kwa imani.

Basi siku ya Alhamisi, saa ya mapumziko, Mignonne akaweka faili la padri ndani ya kikapu, akalifunika kwa majani ya sombe, akaenda stesheni.

Alimkuta Tata Kabasele ameketi juu ya sanduku, suruali imepigwa pasi ya kukalia, miwani imefungwa uzi. Mignonne akajitambulisha huku akiangalia chini. Alitegemea matusi, na moyoni aliona anayastahili.

"Njo weye uko mu kiti yangu?" mzee aliuliza.

"Njo mi, tata. Samahani."

Tata Kabasele akamtazama, akakitazama kikapu, akaiona pembe ya faili ikichungulia kati ya majani. Akanyoosha mkono. "Hii mafaili haikunifukuza, mama. Leta."

Tangu hapo kila saa sita mchana stesheni iligeuka shule. Mzee alimfundisha kusoma barua kuanzia chini, kwa kuwa watu huanza na heshima na kumaliza na shida. Alimfundisha ni nani anapewa kibali cha mwaka na nani cha miezi sita. Mkewe, Mama Kabedi, aliwasikiliza huku akichambua maharagwe, na wajukuu wawili wa kike walilala miguuni pake. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa binti yao Laure, mama wa wasichana hao, mwenye mimba ya miezi minane. Mume wake alikuwa amesukumwa ndani ya treni ya mwezi uliopita katika fujo, na mlango ukafungwa kabla Laure hajafika.

Hofu ya Mama Kabedi ilikuwa moja, wala hakuificha: mtoto asizaliwe hapa. Surua ilikuwa imeingia stesheni. Kila asubuhi palitoka vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa vitenge, vikapelekwa nyuma ya reli. Na treni zilikuja zilipotaka. Ikija moja, wenye nguvu waliingia kwa madirisha, wengine wakapanda juu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane hapandi dirishani. Treni mbili zilikuwa zimekuja na kuondoka, na mara zote mbili familia ya Kabasele ilibaki ikizitazama mgongo.

Mignonne aliporudi ofisini alikaa kwenye kile kiti akajisikia mwizi.

Jumatatu moja asubuhi vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani, walewale waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai, waliingiza sanduku la bati ofisini, wakalibwaga sakafuni. Ndani mlikuwa na foni, waliyoiokota katika nyumba ya Badibanga, mfanyabiashara wa Kasai aliyeondoka mwezi wa nne. Walisema ni chombo cha upelelezi, waandikiwe kuwa ni chao. Nusu saa baadaye akaja sajini, akasema foni ni mali ya jeshi. Vijana na sajini wote waliahidi kurudi, na hakuna aliyesema atarudi kwa heri.

Mukalay alilowa jasho hadi kwenye tai. "Tia mihuri!" alimwambia Mignonne. "Tia mihuri mbio, mama, kitu ikiwa na mihuri si ya mutu tena!"

Mignonne akatia. Alifunga sanduku kwa uzi, akayeyusha lakiri nyekundu kwa mshumaa, akagonga muhuri wa serikali juu yake. Akachukua fomu kutoka kabatini, akajaza nafasi zote zilizo wazi, akaandika katika rejista: namba kumi na nne. Mukalay akasaini. Mignonne alirudi nyumbani akijisifu kidogo, na kwa kweli alistahili, maana lakiri haikummwagikia hata tone.

Asubuhi iliyofuata, akiipanga fomu kwenye faili, macho yake yaliteremka hadi chini kabisa, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kujaza. Pale palikuwa pamechapwa tayari, kwa herufi zilizofifia za ronéo, ile mashine ya kunakili karatasi: Mlinzi wa kitu kilichotiwa mihuri: Kabasele Henri, karani.

Alilifungua kabati. Fomu zote, mamia yake, zilikuwa na jina hilo. Kwa karatasi ya dola, kwa sahihi na muhuri wa dola, foni inayogombewa na vijana na askari ilikuwa chini ya ulinzi wa mtu ambaye dola hiyohiyo imemfukuza. Na aliyeandika hivyo ni yeye, Mignonne Kalumba, karani wa majaribio, wiki ya tano.

Hakungoja saa sita. Alifika stesheni akihema.

Tata Kabasele aliisoma fomu, akaisoma tena, halafu akaanza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, hadi watu wa maturubai ya jirani wakageuka, kwa sababu kicheko kilikuwa kimepotea pale stesheni.

"Hii nilikata stencil mi mwenyewe, mwaka wa makumi saba na tano," alisema akijifuta macho. "Nilichoka kuandika jina yangu kila siku. Sasa angalia! Nafukuzwa kwa mulango, narudi kwa ronéo."

"Tata, watanifukuza na mi. Nifute?"

"Usifute! Mu rejista hatufutaka kitu." Kicheko kiliisha, mwalimu akarudi. "Mulinzi akishaandikwa, ni juji wa korti peke yake anaweza kumutoa. Na si juji yoyote tu. Ni juji ya fasi, ya muji ambako mwenye mashini anaishi. Mi nitakuandikia barua ya kusema kosa ni yangu, njo maana usiogope."

"Tata Badibanga anaishi wapi sasa?"

"Alishafika Mwene-Ditu. Alituma habari."

Mignonne aliipitia njia ya treni akilini. Mwene-Ditu ni Kasai. Reli inatoka Kolwezi, inapita Tenke, inapita Lubudi, inapanda Kamina, inafika Mwene-Ditu. Alijisikia kama mtu aliyepapasa gizani akagusa kitasa.

"Basi faili inapashwa kwenda Mwene-Ditu," alisema polepole. "Na mashini pia."

"Inapashwa, ndiyo."

"Na mulinzi?"

"Mulinzi haachanaka na kitu yake mpaka juji..." Tata Kabasele aliivua miwani.

"Anasafiri na nini, tata?"

"Na feuille de route, karatasi ya safari ya serikali," mzee alijibu, na sauti yake haikuwa ileile. "Mu fourgon, ile behewa ya mizigo yenye kufungwa. Pamoja na jamaa yake, kama iko na jamaa."

Laure aliinua kichwa kutoka mkekani. Kisha uso wa mzee ukajifunga.

"Hapana. Miaka makumi mbili na mbili niliwatumikia. Waliniletea barua ya mistari mbili. Mbili tu, mama! Hata aksanti haikuwa ndani. Mi silindi tena kitu yao."

Hapo Mama Kabedi aliweka chini sinia la maharagwe. "Henri," alisema. "Miaka yote hiyo ulilinda bitu yao kwa ajili yao. Hii moja ilinde kwa ajili ya mutoto."

Mzee aliutazama mkeka, akalitazama tumbo la binti yake, akavaa miwani. "Feuille de route inaandikwa kwa wino mweusi," alimwambia Mignonne kwa ukali. "Ya bluu wataikataa."

Kumpata Mukalay asaini ilionekana kazi ya kubomoa mlima, kumbe mlima wenyewe ulikuwa ukitafuta pa kuangukia. Usiku kucha alikuwa amewaza vijana upande huu na sajini upande ule.

"Chef," Mignonne alisema, "kuna njia ile mashini itoke hapa."

"Itoke kabisa?"

"Kabisa. Iende Mwene-Ditu."

"Leta kalamu."

Lakini safari hii, kwa bahati mbaya au nzuri, Mukalay alisoma. Alisoma jina la mlinzi, na majina manne ya jamaa zake yaliyofuata. Kalamu ikasimama hewani.

"Jina hii iliandikwa na nani?"

"Na ronéo, chef."

Mukalay akageukia dirisha. "Laure," alisema hatimaye. "Mi njo nilimushika siku ya batizo. Niko parrain yake." Akaishika tai yake. "Miezi mbili sijapita karibu na stesheni. Napitia njia ingine."

Mignonne hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimsogezea karatasi tu.

"Ronéo haina kabila," Mukalay alisema, akasaini, akagonga muhuri mara mbili, kwa nguvu, kama anayempiga mtu.

Siku ya Ijumaa treni ilifika. Msimamizi wa stesheni aliikagua feuille de route, akaona muhuri, akafungua fourgon bila maneno, kwa kuwa mtu wa reli huamini karatasi kuliko macho yake. Sanduku la bati liliwekwa juu ya kitoroli. Nyuma yake alitembea Tata Kabasele, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja juu ya mihuri. Nyuma yake mkewe, wajukuu, na Laure akishika kiuno. Mignonne alikwenda pembeni na rejista chini ya kwapa.

Hatua ishirini kabla ya behewa, Kisimba akawazibia njia. Huyu ndiye alikuwa mkubwa wa wale vijana wa vitambaa vyekundu, fundi umeme aliyeachishwa kazi karakana ilipofungwa, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kwenye kipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni.

"Wapi na wapi?" alisema. "Hii foni ni yetu. Na huyu muzee alifukuzwa. Anakuwa mulinzi ya serikali namna gani?"

Watu wakakusanyika. Vijana sita wakasogea nyuma ya Kisimba. Laure alifumba macho. Kitu pekee kilichomjia Mignonne akilini ni kwamba yeye ni karani, na karani huandika. Akafungua rejista juu ya sanduku, akachomoa kalamu.

"Sawa, tata," alisema. "Muchukue. Lakini namba kumi na nne iko mu rejista ya serikali, na anayeishika njo mulinzi. Mihuri ikivunjika, yeye atajibu. Mashini ikiharibika, yeye atajibu, leo ao nyuma ya miaka kumi. Naandika, juji atakujulisha. Jina yako kamili?"

Kisimba alirudi nyuma nusu hatua.

"Jina ya baba?" Mignonne aliendelea, kalamu imegusa karatasi. "Avenue na namba ya nyumba? Halafu utaweka sahihi hapa."

Miezi mitatu jina la Kisimba lilikuwa limepigiwa kelele mji mzima. Sasa aliiangalia ile nafasi tupu kwenye mstari. Akawageukia wenzake sita, na wote sita wakagundua jambo la kutazama kwenye viatu vyao. Kupiga kelele walijua, hakuna anayewabishia. Kuandikwa ni neno lingine. Serikali ya leo ikigeuka kesho, kelele hupeperuka, sahihi hubaki.

"Weka tu ule wa zamani," Kisimba akasema. "Iende nao huko. Tunaihitaji ya nini?" Na kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akashika upande mmoja wa sanduku akasaidia kulipandisha.

Laure aliinuliwa kwa mikono minne, taratibu, akaketishwa juu ya magunia. Mama Kabedi alimshika Mignonne uso kwa viganja viwili, akapanda. Tata Kabasele alibaki wa mwisho. Alichukua rejista, akapitisha kidole kwenye mstari wa kumi na nne, akakunja uso.

"Ulisahau tarehe ya kuondoka," alisema.

Mignonne akaiandika. Mlango wa fourgon ukafungwa, na treni ikaondoka.

Alifurahi, sitaficha. Alifurahi hadi akakaa juu ya kitoroli. Lakini alipoinua macho aliwaona waliobaki, maelfu, wamesimama wakiitazama ile treni kama yeye, na hakuwa na foni nyingine ya kuwatilia mihuri. Alikaa nao mpaka saa ya ofisi ilipompita.

Siku zikaenda. Tano, nane, kumi. Zilikuja habari za treni zilizosimama porini bila maji. Mignonne alifanya kazi yake, alijibu barua kuanzia chini, na akathibitishwa kazini hata kabla ya miezi mitatu kuisha, bila yeye kuonja ladha yoyote. Mukalay naye alikuwa amepata tabia ya kupita mezani kwake kila saa akiuliza, "Hakuna kitu?" Hakutaja ni kitu gani.

Siku ya kumi na tatu aliingia bila kubisha, telegramu ya reli mkononi, tai imepinda.

"Kuna kosa," alisema. "Kosa kubwa, mama. Soma. Sisi tuliandika mulinzi na jamaa banne. Bao banasema wamepokea jamaa batano. Hesabu haipatane! Tuandikie bao barekebishe, ao watasema tulipitisha mutu bila karatasi."

Mignonne aliichukua. Ilikuwa fupi: Foni moja imepokelewa Mwene-Ditu. Mihuri mizima. Mlinzi na jamaa watano. Wote wazima.

Aliisoma mara ya pili. Akaweka mkono mdomoni, na machozi aliyoyabana wiki zote hizo yakatoka pamoja na kicheko, yakidondokea kwenye mafaili ya dola.

"Haina kosa, chef," alisema. "Ni Laure."

Mukalay alisimama akihesabu kwa vidole. Kisha vidole vikasimama. Akakaa kwenye kiti cha wageni, polepole, akaifungua tai kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Mwana-mume ao mwana-muke?" aliuliza.

Waliigeuza telegramu nyuma na mbele, vichwa vyao vikikaribia kugongana. Haikusema.

"Muzima," Mignonne alimjibu. "Iliandikwa hapa, chef. Bote ni bazima."